Udongo Mwekundu Chini ya Maji ya Msambweni

Tangu nirudi, kila nikipita pale stesheni mnaniita nikae niwasimulie, na kila nikianza, treni inaingia mnatawanyika. Mwero amesikia habari ya mbuzi tu. Nyawa amesikia habari ya pweza tu. Mke wangu amezisikia zote, amechoka. Basi nimezitumia jioni zangu kuandika safari yote tangu mwanzo, ili kila mtu aisome kwa wakati wake na aniache ninywe chai.

Mnajua kwamba mimi huokota mawe. Yule bwana mpima ardhi aliyekaa hapa kwetu miezi miwili ndiye aliyenifundisha kulitambua jiwe lililochongwa na mtu: lina makovu ya kupigwa, na ukingo wake mkali haukutokea kwa bahati. Aliniambia pia jambo ambalo sijalisahau. Zamani mno, maji mengi ya dunia yaliganda barafu huko kwenye nchi za baridi, na bahari ikashuka. Pwani ilikuwa mbali kuliko ilivyo leo, na watu wakitembea na kuwinda mahali ambapo sasa wanaogelea samaki. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda ikaifunika nchi ile.

"Na waliokuwa wakikaa huko?" nilimwuliza.

"Walihama," akasema. "Vitu vyao havikuhama."

Kisha ikaja barua ya Mwalimu Salimu. Tulisoma naye chuo cha ualimu, sasa anafundisha Msambweni. Aliandika kwamba mama mmoja mwindaji wa pweza, jina lake Bi Mwanasha, alimletea jiwe alilolitoa chini ya bahari, na lilifanana na yale mawe yangu ya kila siku. Alilichora pembeni mwa karatasi. Mahali lilipotoka, aliandika, hapaonekani ila siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mno. "Usipitishe mwezi kumi na saba," akasisitiza. Kwa hesabu ya mwezi mwandamo, siku ile ilikuwa mwezi kumi na tatu, na likizo ilikuwa inakwisha.

Mackinnon Road hadi Mombasa, pamoja na mbuzi

Nilipata nafasi nyuma ya lori la Bwana Mwangala, yule anayepeleka mbuzi Mombasa. Nilikuwa na mfuko wa nguo na kikapu cha mawe yangu bora, arobaini hivi, maana nilitaka kuyalinganisha na ya Msambweni papo hapo. Bwana Mwangala alikinyanyua kikapu, akakirudisha chini, akaniuliza kama nahama na nyumba.

Tulikwenda vizuri mpaka Mariakani. Hapo mbuzi mmoja akaanza kuzaa. Bwana Mwangala alisimamisha lori chini ya kivuli, akamshusha mbuzi, na akakataa katakata kuondoka mpaka mtoto asimame kwa miguu yake. Mtoto hakuwa na haraka. Tulikunywa chai, tukala mihogo ya kukaanga, tukanywa chai tena. Mimi nikapanda nyuma kujilaza kidogo.

Barua ya Salimu ilikuwa na kurasa tatu, nami nilikuwa nimezisoma mbili tu. Salimu ni mtu wa salamu nyingi. Huwaulizia hata majirani wa majirani, na nilidhani ukurasa wa tatu ni salamu hizo, nikauhifadhi kwa kusoma njiani. Nilipoamka, beberu mmoja mwekundu alikuwa ameshika kipembe cha mwisho cha ukurasa ule, anatafuna ametulia, macho yamefumba nusu.

Niliinua mkono nimpige. "Mwache," Bwana Mwangala akasema. "Hata ukimpiga, atakurudishia nini?"

Nilicheka. Sikujua bado yule beberu amekula nini.

Likoni, mbele ya askari

Nililala Mombasa kwa binamu yangu, na asubuhi nikawa kwenye kivuko cha Likoni mapema, nikitaka kuvuka na feri ya kwanza ili niliwahi basi la kusini. Askari mmoja wa bara alikuwa akikagua mizigo.

"Kikapu hii iko na nini?" akauliza.

"Mawe, bwana."

"Mawe ya kupiga nani?"

"Hayampigi mtu. Ni ya kale. Yamechongwa na watu wa zamani."

"Watu wa kabila gani?"

"Hawajulikani, bwana. Wamekufa."

Hapo ndipo nilipojikwaa, maana mwalimu anayetembea na mali za watu waliokufa ni mtu wa kutiliwa shaka. Aliniketisha kando, akaenda kumwita mkubwa wake. Feri ya kwanza ikaondoka. Mkubwa akaja, mtu mzima mwenye mvi, akachuchumaa akayatoa mawe moja moja na kuyapanga sakafuni. Nilijiandaa kwa kesi. Alipofika kwenye lile jiwe langu jeusi lenye umbo la jani, alikaa kitako kabisa.

"Hii iko nyumbani kwetu," akasema polepole. "Kwa mto. Tulikuwa tunapigia ndege, mimi na ndugu yangu. Unasema mtu alitengeneza?"

Nikamwonyesha makovu. Nikamwonyesha mahali pa kushikia kidole gumba. Akashika. Akataka kujua umri wake, na chakula cha watu wale, na kama walikuwa na mbwa. Feri ya pili ikaondoka. Ninyi mnanijua: mtu akiniuliza habari za mawe siwezi kumkata kalima. Tulizungumza mpaka feri ya tatu, na aliponipakia kwa mikono yake mwenyewe, basi la kusini lilikuwa limekwenda zamani.

Mwabungo, nyumbani kwa Hamisi

Upande wa pili nilipata lori lililokuwa likielekea Ramisi. Karibu na Mwabungo lilitumbukia katika shimo, springi ikakatika. Dereva akaondoka kwa miguu kutafuta nyingine, nami nikakaa juu ya kikapu changu kando ya barabara, nikihesabu siku. Kesho ilikuwa mwezi kumi na sita.

Akapita mtu akisukuma baiskeli, samaki wananing'inia kwenye usukani.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam."

"Mgeni wangoja gari ama wangoja mvua?"

Nilimweleza. Jina lake Hamisi, mvuvi. Akasema springi haipatikani leo, na mgeni hawezi kulala barabarani na nyumba yake iko pale. Nikamfuata.

Mama yake, Bi Tima, alikuwa uani akitengeneza samaki. "Shikamoo, mama," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Karibu." Akakitazama kikapu changu, akafurahi. "Umefika siku nzuri. Kisu changu kimekuwa butu tangu Mfungo Mosi." Kabla sijaelewa, alikuwa ameshachagua jiwe, akaanza kunolea kisu. Alidhani mimi ni muuza vinoo.

Nilitaka kumzuia, nikaona aibu. Alinoa, akajaribu, akanoa tena, kisha akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, ukienda kuuza vinoo hivi utarudi na njaa."

"Mama, si vinoo. Jiwe lenyewe ndilo kisu."

Aliligeuza. Akapitisha kidole ukingoni taratibu, halafu, bila neno, akamshika samaki changu mmoja kwa mkia na kumparuza magamba kwa jiwe lile. Yaliruka kama makapi ya mpunga. Alimaliza yule, akachukua wa pili. Mimi nilikuwa nimesimama mdomo wazi. Miaka kumi nimeokota mawe, nimeyaosha, nimeyapanga rafuni, na siku hata moja sikuwahi kuona jiwe likifanya kazi yake. Huenda lile lilikuwa halijaparuza kitu tangu watu wale waondoke duniani.

"Linakata," Bi Tima akasema. "Waliolitengeneza walijua kazi."

Usiku ule tulikula changu wa kupaka na wali wa nazi. Mtu wa nchi yetu kavu, nililamba vidole mpaka Hamisi akacheka. Bi Tima alilisafisha jiwe, akalifuta kwa kanga, akanirudishia kwa mikono miwili. Nikamwambia abaki nalo.

Msambweni, nilipofungua mdomo

Asubuhi lori lilikuwa bado limelala ubavu. Hamisi akanipakia nyuma ya baiskeli, kikapu mapajani. Penye mchanga mwingi tulishuka tukasukuma. Tulianguka mara mbili, na mara zote mbili tulikusanya mawe barabarani huku wapita njia wakitushauri tuyaache, kwa kuwa Msambweni mawe yapo.

Tuliingia Msambweni alasiri. Nikaagana na Hamisi, nikaenda dukani kuuliza nyumba ya Mwalimu Salimu. Palikuwa na watu wengi, na moyo wangu ulikuwa umejaa, nikasema kwa sauti ambayo hata walio nje waliisikia: "Nimetoka Mackinnon Road kuja kuona pale mahali baharini Bi Mwanasha alipookota lile jiwe."

Mama mmoja wa makamo, mwembamba, aliyekuwa akipimiwa chumvi, akaiacha chumvi yake mezani, akajitanda kanga, akatoka.

"Huyo ndiye Bi Mwanasha," muuza duka akasema.

Salimu alikuja mbio, alikuwa ameshasikia. Hakunisalimu, yeye mwenye salamu zile zote. "Kwani hukusoma ukurasa wa mwisho? Nilikuandikia kwa herufi kubwa: usimtaje mbele za watu. Mahali pale ni siri yake."

"Uliliwa na mbuzi."

Akaniita kwa jina: "Ruwa, sema tu hukusoma."

Akanieleza tukitembea. Bi Mwanasha ni mjane, na amewalea wanawe wanne kwa pweza. Kuna mlango wa maji huko mwambani ambao wanawake wengine wanadhani ni matope matupu. Yeye peke yake anajua pweza wanajificha chini ya kingo zake. Mama yake alimwonyesha, na huyo alionyeshwa na mama yake. Na mimi nilikuwa nimeitangaza habari hiyo dukani.

Sikuwahi kujiona mjinga kama jioni ile. Tulipiga hodi kwake. Alitukaribisha kwa sababu ya heshima tu, akatuwekea mkeka, na yeye akakaa mbali.

"Mama, nimekukosea," nikasema. "Nimekuja kuomba radhi, sikuja kuomba kitu kingine."

"Mwalimu Salimu nilimpa jiwe," akasema. "Sikumpa bahari."

Ili nisiondoke kama mwizi, nilikimimina kikapu mkekani nimwonyeshe angalau kilichonileta. Aliyatazama mawe kwa mbali. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na kopo la siagi lenye kutu. Akalifungua. Ndani mlikuwa na mawe saba.

"Haya sikumwonyesha hata Mwalimu," akasema. "Niambie kweli. Ni ya nani? Nimeogopa kuuliza miaka yote. Nilidhani huko chini wamo watu ambao si watu."

Nikamwambia yale yote aliyoniambia mpima ardhi. Bahari ilivyoshuka na kupanda. Pale anapowinda pweza palivyokuwa nchi kavu yenye miti. Alisikiliza, mkono shavuni.

"Miti?" akauliza.

"Bila shaka."

"Basi ndiyo ile mizizi." Akaushusha mkono. "Ipo mizizi kule chini, mwalimu. Mizizi ya miti mikubwa, imesimama ndani ya udongo. Kila nikiikanyaga hujiuliza nani aliipanda baharini."

Salimu na mimi tulitazamana. Bi Mwanasha akayakusanya mawe yake saba, akayarudisha koponi, akakifunga kifuniko.

"Kesho saa tatu. Mtakanyaga nitakapokanyaga. Na hutaandika ni wapi."

Ndiyo maana, rafiki zangu, hilo msiniulize.

Mwambani, mwezi kumi na saba

Nilifika na viatu vyangu vya shule. Bi Mwanasha alivitazama, akanipa makubazi ya marehemu mumewe. Akaniambia pia nikiache kikapu. Sikukubali, nilikuwa nimekibeba kwa mbuzi, kwa askari na kwa baiskeli, nikaona siwezi kukiacha hatua ya mwisho.

Maji yalikuwa yamekwenda mbali hata sikuamini. Mwamba ulikuwa wazi kama uwanja, wenye vidimbwi na viumbe vyeusi vyenye miiba. Yeye alikwenda kama mtu aliye sebuleni kwake, sisi walimu wawili tukimfuata kama vifaranga. Tulivuka mkondo mmoja wa maji ya magotini, tukaendelea, kisha akasimama. "Hapa."

Ulikuwa mfereji mpana, na ukingo wake mmoja umekatwa na maji wima kama ukuta, kimo cha mtu aliyeketi. Juu palikuwa na udongo mweusi, mgumu kama ugali wa jana, na ndani yake ile mizizi, minene kama mkono wangu. Niliikwaruza kwa ukucha. Ilikuwa mti bado. Ndani ilikuwa na rangi ya kahawia. Halafu nikainama kutazama chini ya udongo mweusi, karibu na maji.

Ulikuwa udongo mwekundu. Wekundu huu huu wa nyuma ya shule yetu, unaoingia kwenye nguo na hautoki. Niliuchota, nikausugua kiganjani, na Salimu anasema nilikuwa nikirudia neno moja tu: "Nchi. Nchi. Nchi."

Ndani ya udongo ule, urefu wa mkono mpaka kiwiko chini ya mizizi, lilitokeza jiwe. Nililizungushia kidole mpaka likalegea. Lilikuwa bonge la ukubwa wa ngumi, limepigwa pande zote, makovu yake makali kana kwamba fundi amelitua sasa hivi akaenda kunywa maji. Nikatoa mawe yangu nilinganishe: upigaji ule ule. Lakini Salimu, ambaye ni mtu wa hesabu, akauliza swali baya. "Utajuaje kama halikuletwa na mawimbi, likazikwa hapa?"

Swali lile lilinichoma. Wakati huo Bi Mwanasha alikuwa ameinama, mkono wake umezama mpaka begani chini ya ukingo, anapapasa kama anavyompapasa pweza. Akatoa vipande vidogo, kimoja, kingine, cha tatu. Akavisuuza. Akakichukua kimoja chembamba kama ganda la kobe, akalitazama bonge mkononi mwangu, akakitazama kipande, akanisogelea, akakibandika kwenye kovu moja.

Kilikaa. Kililia tak, kidogo hivi, kikashika, hata mstari wa maungio haukuonekana.

"Hiki ni cha hapo," akasema.

Hakuna mawimbi yanayoweza kulileta jiwe na kibanzi chake, yakaviweka pamoja. Mtu alikaa pale. Alikaa juu ya udongo mwekundu akapiga jiwe, kibanzi kikaanguka miguuni pake, na hakuna aliyevigusa tena mpaka sisi. Salimu alivua kofia yake. Mimi nililia, sioni haya kuwaambia.

Tuliendelea kupapasa, tukasahau saa. Ni Bi Mwanasha aliyesema, "Maji yamegeuka. Twende sasa." Nikaomba kidogo tu. Akageuza uso baharini, nami nikadhani amekubali. Kumbe alikuwa akisikiliza maji. Kisha akanishika mkono wa shati na kunivuta.

Ule mkondo tuliouvuka magotini ulikuwa sasa kifuani, na unakwenda kasi. Mjue kwamba siwezi kuogelea, ningejifunzia wapi? Bi Mwanasha alitangulia, ameshika mkono wa Salimu, Salimu ameshika wangu. Katikati kikapu kilinivuta. Mguu ukateleza, maji yakaingia mdomoni.

"Kitupe," Bi Mwanasha akasema. Hakupaza sauti.

Mawe ya miaka kumi. Nilikiachia. Kilizama mara moja, na mwili wangu ukainuka mwepesi, miguu ikapata mwamba. Lile bonge lilikuwa ndani ya shati langu, na kibanzi alikuwa amekifunga yeye penye pindo la kanga.

Tulipofika mchangani tulilala chali, tukihema. Salimu ndiye aliyeanza kucheka. "Masikini atakayeyakuta mawe yako huko chini," akasema. "Ataandika kwamba watu wa Mackinnon Road walihamia baharini."

Baadaye

Bi Mwanasha alitupikia pweza kwa nazi na mkate wa kumimina, na baada ya kula akatoa uamuzi wake. Bonge ni langu, kibanzi ni chake. Atakayetaka kujua habari yote itabidi atuone sote wawili, na mimi sitamleta mtu bila ya ruhusa yake. Nilikubali kwa moyo mmoja. Nimemwandikia yule bwana mpima ardhi bila ya kutaja mahali, bado hajanijibu.

Juzi nimepata barua ya Salimu. Safari hii niliisoma yote papo hapo, nimesimama. Anasema Bi Mwanasha amerudi kule na bamvua iliyofuata, akapata vibanzi vingine viwili vinavyoshikana na chake. Amekuwa akikaa uani jioni, akipiga mawe ya kawaida ajaribu kupata vibanzi vya namna ile ile. Majirani wanamshangaa. Siku nyingi hakufaulu. Alipiga kwa mkono wa kulia kama tulivyodhani sisi wote kwamba yule mtu wa kale alipiga, na vibanzi vikatoka vimeelekea upande usio ule wa vibanzi vya kale. Kisha akabadilisha mkono, na vikaanza kutoka sawasawa.

Bi Mwanasha, anaandika Salimu, ni mtu wa mkono wa kushoto. Alipokuwa mdogo alipigwa kwa ajili hiyo mpaka akajifunza kuuficha. Sasa amemwagiza Salimu aniambie, kwa maneno haya haya: "Yule mtu wetu alikuwa wa kushoto kama mimi, na hakuna aliyemkataza."